Uwele wa Mahameni

Siku ya nne tangu wahamie kijiji kipya, Raheli alilisukuma bakuli la uji kwa mgongo wa mkono, akageukia ukutani.

"Mama, onja hata vijiko viwili," mkwewe, Lariba, alimwambia.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Jana hukula. Juzi hukula."

"Nimeshiba, Mama Elina. Mpe mtoto."

Lariba aliliinua bakuli, akabaki amelishika. Hakuweza kumlaumu. Uji wenyewe ulikuwa wa unga wa njano, ule wa msaada uliokuwa ukishushwa kwa malori mwaka ule wa njaa, mwaka wa sabini na nne. Ulikuwa na harufu ya gunia, na ukipoa uliganda kama gundi. Elina, binti yake wa miaka sita, aliunywa kwa kuziba pua. Lakini Elina alikuwa mtoto, alikuwa akikimbia na wenzake kutwa, njaa ilimlazimisha. Mama mkwe alikuwa amelala tu kwenye ngozi, akitazama ukuta usiokuwa na la kutazamwa. Nyumba yenyewe haijakandikwa ila upande mmoja. Kati ya fito mchana uliingia vipande vipande, na vumbi la malori ya barabara ya Nzega likaingia nao.

Raheli alikuwa mjane, miaka yake ikikaribia sabini. Tangu aolewe hakuwahi kulala nje ya tembe la mumewe chini ya vilima, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka barabarani. Humo alizaa watoto saba, akazika wanne. Hapo alimzika na mume, pembeni mwa zizi. Kisha ikaja operesheni. Watu wakaambiwa kwamba wote wahamie kijiji cha ujamaa karibu na Shelui, kutakuwa na maji, shule na zahanati. Na aliyesimama kwenye mkutano pamoja na katibu kata, akawaeleza wazee kwa Kinyiramba ili wasikie vizuri, alikuwa ni Paskali, bwana mifugo, mwanawe Raheli wa kuzaa, mume wake Lariba.

Paskali aliyaamini aliyoyasema. Alisema kwa moyo wake wote. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mbele ya watu, "Na baba yako naye atapakiwa kwenye lori?"

Tangu siku ile mama yake hakusema naye tena. Lori lilipokuja lilipakia vitanda, vyungu, kuku na watu, likajaa. Wanamgambo wakaliangusha paa la tembe ili mtu asishawishike kurudi. Kesho yake Paskali akatumwa Wembere, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa ukame, na hakuwa amerudi.

Hivyo walibaki wanawake wawili na mtoto, na mmoja hataki kula.

Lariba alimpeleka zahanati, Raheli akimwegemea njia nzima. Mganga msaidizi alimpima, akamtazama macho na ulimi.

"Hana homa," alisema. "Damu yake si mbaya. Lakini asipokula, mama, mimi sina dawa ya hiyo."

"Ana ugonjwa gani, basi?"

Yule mganga aliinua mabega. "Wazee wengi wanao tangu wahamishwe. Wiki hii huyu ni wa tano."

Njiani kurudi Lariba aliwaza kwamba ugonjwa huo yeye anaujua. Katika kijiji kile kizima hakuna mtu aliyehama mbali kuliko yeye. Alizaliwa Navrongo, kaskazini kabisa mwa Ghana, kwenye nchi tambarare ya uwele na nyumba za udongo. Mama yake aliamka alfajiri kila siku ya Mungu kupika koko na kuwauzia wanafunzi na madereva. Koko ndiyo jina la uji wa kwao. Ni uji wa uwele uliolowekwa, ukasagwa pamoja na tangawizi, karafuu na pilipili, ukaachwa mpaka uchachuke, ndipo ukapikwa. Paskali alifika huko mwaka wa sitini na nne, kijana mwembamba aliyepelekwa na serikali kusomea mifugo. Alikuja kwa mama yake Lariba asubuhi moja na bakuli lake, akaunguzwa ulimi na pilipili, akatoa machozi mbele ya kila mtu. Kesho yake akarudi. Akarudi miaka mitatu, na mwisho hakurudi kwa ajili ya uji.

Lariba alikuja Iramba mwaka wa sitini na saba. Aliijua lugha ya kwao, Kihausa cha sokoni na Kiingereza cha shule. Hakuna hata moja iliyomfaa. Mwezi wa pili alishika mimba, na kila alichokula kikamrudia. Akatamani koko hata akaota anainywa. Paskali akamtafutia viungo Singida mjini kwa Wahindi. Lariba akaloweka uwele, akausaga kwenye jiwe la Raheli, akachuja kwa kitambaa, akaweka chungu pembeni na kukifunika. Siku ya pili koko ikaanza kutoa mapovu, kama inavyotakiwa.

Siku hiyohiyo Raheli akaingia na mke wa mchungaji. Wakati huo mume wa Raheli alikuwa hai, naye alikuwa mzee wa kanisa aliyesifika kwa kutoruhusu hata tone la pombe kupita mlangoni mwake. Wale wanawake wawili wakasimama, wakanusa. Raheli akafunua chungu.

"Pombe!" alisema. "Ndani ya nyumba hii!"

"Si pombe," Lariba alisema. Maneno hayo aliyajua. Yaliyofuata hakuyajua, akayasema kwa Kihausa, kisha kwa Kiingereza, na machozi yakamshika. Raheli alikwisha kunyanyua chungu. Akakibeba mwenyewe mpaka jalalani akakimwaga chote kwenye majivu, kuku wakakimbilia.

Jioni Paskali alimweleza mama yake kwamba ule ni uji tu.

"Kama ni uji," Raheli alijibu, "mbona unachemka bila moto?"

Habari zilienea mpaka Kiomboi kwamba mke mgeni wa Paskali anapika pombe. Zilichukua mwaka kufa. Lariba hakupika koko tena. Alijifunza ugali wa mtama na mlenda, akajifunza Kiswahili, kisha Kinyiramba, akazaa Elina, na mama mkwe akaja kumzoea, hata kumpenda kwa namna yake ya ukali. Baba mkwe alipougua, Lariba ndiye aliyemwosha. Chungu kile hakikutajwa tena kwa miaka saba.

Sasa, akimlaza Raheli tena kwenye ngozi, Lariba alijiambia kwamba atapika. Kwao mgonjwa aliyechoka kuonja chakula hupewa koko, kwa sababu ni kali na inaamsha kinywa. Kama mama mkwe ataimwaga tena, basi na aimwage. Walau atakuwa ameinuka.

Viungo alivipata kwa Dina, jirani yake mpya aliyeuza chai na maandazi kwenye kituo cha malori Shelui. Dina alikuwa na tangawizi, kwa kuwa madereva hawakunywa chai isiyowasha. Pilipili manga alikuwa nayo kidogo, na pilipili kavu. Karafuu zilikuwa saba tu, amezifunga kwenye fundo la kanga.

"Hizi ni za jino langu," Dina alisema. "Nipe neno lako kwamba zitamwinua huyo bibi, maana jino likinianza leo nitakuja kulilia mlangoni kwako."

"Siwezi kukupa neno, Dina. Najaribu tu."

Dina alimtazama, akamhesabia karafuu tano kiganjani. "Mbili nabaki nazo. Haya, kajaribu."

Kilichokosekana ni uwele. Kijiji kizima hakikuwa nao. Aliyekuwa na akiba aliificha, na nani angemlaumu? Lakini Raheli, katika kulala kwake na kuamka, alikuwa akilitaja lindo lake, pipa la gome la mti aliloliacha chumba cha ndani. Lori lilipojaa waliambiwa litarudiwa. Halikurudiwa. Ndani mlikuwa na uwele nusu.

Kurudi mahameni, kwenye makazi ya zamani, kulikatazwa. Lariba alikwenda kwa Gasto, balozi wa nyumba kumi, mtu mnene aliyependa utaratibu, akamkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Elina. Bibi ameamkaje?"

"Hivyohivyo. Nataka kwenda kule nyuma, mzee. Ameacha uwele lindoni. Nitakwenda na kurudi siku hiyohiyo."

Gasto aliacha kuchonga. "Unajua agizo."

"Najua."

"Na mumeo ndiye aliyelisoma."

"Najua pia."

Gasto aliugeuzageuza ule mpini, akaukagua kama una kosa. "Mimi kesho asubuhi nitakuwa nafukua choo," alisema mwishowe. "Mtu akifukua choo haoni barabara." Alipoona Lariba anainuka, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ukipita pale kwangu pa zamani, kuna mzinga juu ya mninga. Utazame kama nyuki bado wamo."

Alitoka kabla jua halijachomoza, kikapu kichwani, kitambaa kiunoni, Elina amemwacha kwa Dina. Nchi ilikuwa kavu, njia nyeupe, vichaka vimebaki miiba mitupu. Kila alipopita palikuwa na mahame: mafiga matatu bila chungu, mlango uliosimama bila ukuta, paka mmoja aliyekataa kuhama. Kwenye mninga wa Gasto alisimama akasikiliza. Nyuki walikuwamo.

Tembe la Raheli lilikuwa limelala kifudifudi. Paa lile la udongo lilikuwa limeangukia ndani na kufunika kila kitu. Lariba aliingia kwa kupinda, akafukua kwa mikono na kwa kipande cha boriti, akatoa udongo, akavuta fito, kucha zikamkatika. Adhuhuri alilifikia lindo. Upande mmoja lilikuwa limepasuka na mchwa wamekwisha kuingia, lakini upande wa pili uwele ulikuwa mzima, mkavu, wa kijivu. Aliuchota kwa viganja, akaupepeta kwenye upepo, akajaza kikapu.

Kisha alikwenda pembeni mwa zizi. Kaburi la baba mkwe lilikuwa limefunikwa na majani makavu, na mbuzi wa mtu fulani walikuwa wamelikanyaga. Alivunja tawi, akafagia, akarudisha mawe mahali pake moja baada ya jingine. Alipomaliza alikaa chini, akalia. Mwanzoni alifikiri anamlilia mzee yule mpole aliyemwita binti tangu siku ya kwanza. Baadaye akajua kwamba analilia nyumba nyingine kabisa, na mama mwingine anayekoroga chungu alfajiri bila kujua mwanawe yuko wapi sasa, maana barua ya mwisho ilichukua miezi mitano. Akalia mpaka yakaisha. Akajifuta, akajitwika.

Karibu na kijiji mwanamgambo mmoja alimsimamisha, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, rungu mkononi.

"Mama, unatoka wapi?"

"Nimetoka kutafuta chakula cha mgonjwa," alimjibu kwa Kinyiramba.

Yule mtu alitabasamu kwa jinsi alivyoyatamka maneno. "Wewe ndiye yule wa Ghana. Mke wa bwana mifugo. Mgonjwa ni nani?"

"Mama yake. Tangu ahamishwe, hali chakula."

Tabasamu likamtoka. Alikitazama kikapu, akazitazama kucha za Lariba, na udongo mwekundu uliomjaa mpaka kwenye nywele. Alijua udongo ule umetoka wapi.

"Lile tembe," alisema taratibu, "ni sisi tuliliangusha. Mimi nilishika kamba." Akaligeuza rungu mkononi. "Nilikwisha wahi kula ugali kwake, zamani, nikichunga. Mpe pole. Usimwambie zimetoka kwa nani."

Akajitoa njiani, akampisha.

Jioni ile Lariba aliloweka uwele. Kesho yake alikaa kwenye jiwe nje ya mlango na kusaga, punje pamoja na tangawizi, karafuu, pilipili manga na pilipili kavu, mpaka mikono ikamwasha. Harufu ikaingia ndani kupitia kwenye fito.

"Unasaga nini?" Raheli aliuliza kutoka ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza jambo.

"Uwele, mama."

"Umeupata wapi uwele?"

"Lindoni."

"Lindo gani?"

"Lako."

Lariba aliendelea kusaga. Kisha akasikia ngozi inakwaruza, na Raheli akatokea mlangoni akitambaa, amejifunga shuka, uso umemsinyaa.

"Umefika?"

"Nimefika. Nimefagia kwa baba. Mbuzi walikanyagakanyaga, nimerudisha mawe."

"Lile kubwa la kichwani?"

"Lipo. Limepasuka kidogo, lakini lipo."

"Na mti wa pale mlangoni?"

"Upo."

"Na nyumba?"

Lariba aliacha jiwe. Angeweza kumdanganya, na kwa muda mfupi alitaka. "Imeanguka, mama. Paa lote. Nimefukua ndipo nikapata."

Raheli alishika nguzo ya mlango. Tangu wahamishwe hakuwa amelia. Sasa alilia kwa sauti, kama anavyoliliwa marehemu. Majirani wawili walikuja mbio wakidhani amekufa, wakamkuta amekaa, wakakaa naye. Lariba hakumnyamazisha. Alisaga uwele mpaka ukaisha, akauchuja, akauweka chunguni.

Siku moja ikapita. Asubuhi iliyofuata Raheli aliomba aegemezwe ukutani ambapo angeweza kuona jiko. Lariba alifunua chungu. Maji yalikuwa yamepanda juu, chini umetulia uwele laini, na mapovu madogo yakipanda na kupasuka.

"Haya," Raheli alisema kwa sauti ya mkwaruzo. "Unachemka bila moto."

Lariba aligeuka amtazame kama ni ukali au ni mzaha. Kwenye pembe za macho ya mama mkwe palikuwa na mikunjo aliyoijua.

"Leo nitautia na moto, mama, mke wa mchungaji asije akapata shaka."

Alimimina yale maji ya juu kwenye sufuria, akayachemsha. Yalipotokota akamimina uwele taratibu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unakoroga, kwa sababu ukiacha kukoroga hata kidogo unashika madonge. Uji ukawa mzito, ukang'aa, rangi ya majivu yenye wekundu. Harufu ya tangawizi ikapanda na kumpiga Lariba usoni. Haikuwa sawasawa na ya mama yake. Kuna kiungo kimoja, maganda meusi ya mti wa kwao, ambacho Iramba hakipo na Tanzania nzima pengine hakipo. Pia sukari haikuwapo, maana dukani ilikuwa na miezi haijaonekana. Lakini ilikuwa koko. Alionja, akafumba macho.

Raheli alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Akanywa funda, akakohoa, machozi yakamtoka, pua ikamtiririka.

"Mama, ni kali sana? Nipunguze na maji?"

"Niache," Raheli alisema, akanywa tena. Alikunywa mpaka katikati ya bakuli bila kupumzika, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Kisha akaliweka magotini.

"Nina neno," alisema.

"Sema, mama."

"Siku ile niliyomwaga. Nilikirudisha chungu jikoni nikikoshe. Kikiwa bado na mabaki, nilipitisha kidole, nikalamba." Hakumtazama Lariba, alitazama bakuli. "Nilijua si pombe. Palepale nilijua. Kilikuwa chakula kizuri. Nikapitisha kidole tena."

Lariba aliuweka mwiko chini.

"Nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya mke wa mchungaji. Ningerudi kumwambia nini? Kwamba mimi, mke wa mzee wa kanisa, nimemsingizia mkwe wangu? Nikasema nitalisahihisha kesho. Kesho ikawa mwaka. Nikaona umeacha kupika, nikasema amesahau."

"Sikusahau."

"Najua hukusahau."

Lariba aliinuka akatoka nje. Alisimama nyuma ya nyumba, mkono kwenye fito. Miaka saba. Mwaka mzima wa kutazamwa kisimani. Mimba aliyoibeba kwa njaa. Lori la mizigo lilipita barabarani, vumbi likamjia, akaliacha limtue kichwani. Alitamani kupiga kelele kwa lugha ya kwao, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia, alipiga, maneno matatu manne ambayo mama yake angempiga kofi kwa kuyasema. Akajisikia nafuu kidogo.

Aliporudi, bakuli lilikuwa tupu.

"Mama," alisema, "nitakusamehe, lakini si leo."

"Basi si leo," Raheli alijibu. Akamnyooshea bakuli. "Niongeze."

Paskali alirudi baada ya wiki, amekonda, viatu vimemkatika. Wembere alikuwa amehesabu mizoga mpaka akaacha kuhesabu. Alisimama mlangoni akanusa kama mtu anayeogopa kuamini pua yake. Mama yake alikuwa amekaa jikoni, anakoroga.

"Shikamoo, mama."

Raheli alikoroga mara mbili, mara tatu. "Marahaba," alisema. Ndilo neno la kwanza kwa mwanawe baada ya mwezi mzima. "Keti unywe. Mkeo ameurudia uwele wetu peke yake, na agizo lako ameliruka."

Paskali alimtazama Lariba, akatazama mikono yake. Akaketi, akanywa, na ule ukali ulipomfika kooni akainamisha kichwa. Hakuna aliyemwuliza kama ni pilipili au ni kitu kingine.

"Mimi sitaki kurudishiwa nyumba," Raheli alisema alipomaliza. "Nimeona nimeshahama. Lakini shamba ni shamba. Hapa barabarani ni mbuga tupu, mvua ikinyesha panakuwa tope, isiponyesha panapasuka. Kule nyuma uwele unaota hata mwaka wa njaa. Wewe ulisimama mkutanoni ukatuambia tuondoke. Simama tena uwaambie tunataka kwenda kulima."

"Mama, mimi ni mtumishi wa serikali."

"Ndiyo maana watakusikia."

Ilimchukua siku tatu. Lariba alimwona akizunguka nyumba, akiandika na kufuta kwenye daftari. Mkutano wa kijiji ulipokaa, alisimama mbele ya katibu kata na watu wote. Alisema kwamba kuhama aliwaambia yeye, na hajutii hilo kwa ajili ya shule, kwa sababu shule imeanza. Lakini kulima mahindi mbugani mwaka wa ukame ni kulima njaa, na yeye kama mtu wa kilimo na mifugo hawezi kunyamaza. Aliomba kila kaya iruhusiwe kulima uwele na mtama kwenye mashamba ya zamani, na jioni watu warudi kijijini. Gasto aliinuka na kumuunga mkono, akataja na habari ya mizinga. Wengine wakainuka. Katibu kata alijikuna shingo, akasema hana mamlaka, akaandika. Jibu lilikuja kutoka wilayani mwanzoni mwa Desemba: ruhusa kwa msimu mmoja, kwa majaribio.

Gasto ndiye aliyewatangulia wote, akarudi na kibuyu cha asali. Raheli alimwomba kikombe kimoja, akakitia kwenye koko bila kuuliza.

"Mama, kwetu hatutii asali," Lariba alisema.

"Na sukari iko wapi?"

Lariba alionja. Ilikuwa nzuri, tena ilikaa ulimini kwa muda mrefu kuliko sukari. Alikasirika kidogo kwamba ni nzuri. Jioni hiyo alimwandikia mama yake barua ya kurasa nne, na habari ya asali akaiweka mwishoni, kwa herufi ndogo.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili kabla ya Krismasi. Alfajiri iliyofuata wanawake walitoka kijijini kwa msururu, majembe mabegani, harufu ya udongo uliolowa ikiwajia kutoka kila upande. Dina alifunga biashara yake ya chai akafuatana nao, jino lake likiwa halijamsumbua bado. Lariba alibeba kibuyu kikubwa cha koko, Elina akabeba vikombe. Raheli alitembea na fimbo, akikataa kushikwa, akisimama kila baada ya muda na kusingizia kwamba anatazama mawingu.

Walipofika, jua lilikuwa limetoka. Wanawake walikaa kwenye ukingo wa shamba, wakanywa, wakakohoa, wakacheka machozi ya wenzao. Mmoja aliuliza uji huu unaitwaje. Lariba akataja jina, wakalirudia wote kwa pamoja, vibaya, kila mmoja kwa namna yake.

Raheli hakungoja wamalize. Alikwenda kwanza pembeni mwa zizi, akakaa huko kidogo peke yake. Aliporudi alivua viatu, akachukua jembe la Dina lililokuwa karibu, akapiga shimo la kwanza na kudondoshea mbegu.

"Mama Elina," aliita bila kugeuka, "huo mstari wako ni huu hapa. Njoo, udongo utakauka."

Lariba aliweka kikombe chini, akaenda.